Mbwa wa Kijerumani wa Afande Olanya

Habari ilisomwa redioni wakati Kabugho akimimina kahawa ya kwanza. Mbwa wa polisi, alisema mtangazaji, alinusa nyayo za mwizi wa vanila tangu shambani, akavuka mto, akakatiza sokoni bila hata kugeuza shingo kwa wachoma nyama, akaenda kumtoa mwizi uvunguni mwa kitanda cha mama mkwe wake.

Benchi zima likaamka. Benchi hilo liko Bwera, kando ya barabara ya kwenda Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, mbele ya jiko la Kabugho, na wanaolikalia wana vyeo ambavyo hakuna serikali iliyowapa. Kabugho mwenyewe ni Spika, kwa sababu bila ruhusa yake hakuna anayemaliza sentensi. Ashraf, anayewatolea watu mizigo forodhani, ni Kontena: maneno yake hufika mengi kwa mpigo, na kujua kilichomo ndani ni mpaka ufungue. Tefiro, mkulima wa mlimani, ni Vanila tu, na hilo halihitaji maelezo.

"Mimi hapo nakataa," alisema Tefiro. "Vanila inanuka mpaka mimi na mafua yangu ningemkamata huyo mwizi. Mbwa amefanya nini hapo? Kazi ngumu ni kuingia chumba ya mama mkwe."

"Mbwa haiko na mama mkwe," Ashraf akamjibu. "Iko libre. Inaingia mahali inataka."

"Na huyo mwizi," akasema Kabugho, "mtu anayejificha kwa mama mkwe, mimi naona jela alikuwa anaitafuta mwenyewe."

Olanya aliyasikia yote hayo akiwa bado ng'ambo ya barabara, na moyoni akashukuru redio. Hata angepanga mwenyewe asingepata siku nzuri kama hii ya kufika kijiweni. Alivuka taratibu, mkono mmoja kifuani, juu ya zipu ya jaketi lake la zamani la jeshi lililovimba kama ameficha mkungu wa ndizi.

Olanya ni mtu wa Acholi. Jeshi lilimleta huku milimani akiwa kijana, akakaa kambini, akasimama kwenye vizuizi vya barabara miaka nenda miaka rudi akipekua malori, na alipostaafu hakurudi kwao. Alijenga Bwera pamoja na mkewe Nabasa. Kijiweni anaitwa Afande Rodibloku, na sifa yake kubwa, ambayo huisimulia mwenyewe bila kuombwa, ni kwamba hajazaliwa mtu wa kupitisha kitu bandia mbele ya macho yake.

"Tulieni wote," alisema alipofika. "Leo iko raporti."

"Tumeshatulia, Afande," alisema Kabugho. "Hiyo nini kwa kifua?"

"Askari mupya."

Akavuta zipu. Kikatokeza kichwa kidogo cha rangi ya udongo, masikio yameanguka mbele kama majani ya mhogo saa saba mchana.

"Jameni shepadi," alisema Olanya. "Damu safi. Baba yake iko kule Mweya, nalinda watalii. Jina yake Kamanda. Nilinunua jana."

Wakamsogelea, isipokuwa Ashraf, ambaye ni Mwislamu na hakutaka mate ya mbwa yamrudishe kujiosha upya. Alichungulia kwa mbali, kama anayekagua mzigo wa mtu mwingine.

"Mbona masikio yamelala?" Tefiro aliuliza. "Jameni shepadi masikio yake yanasimama kama mlingoti."

"Iko kwa mapumziko. Baker alisema itasimama ikianza kazi."

"Baker yupi?"

"Baker wa Nyamwamba, kule Kasese. Yeye iko nazalisha mbwa. Watu namuita Profesa ya Mbwa."

"Watu gani?"

Olanya alifikiri. "Yeye mwenyewe alisema."

"Na tumbo iyi?" Ashraf akadakia. "Mutoto iko mwembamba, lakini tumbo iko ya patron, ya bosi mukubwa."

"Ameshiba. Baker nalisha yeye vizuri."

Kabugho alilowesha kipande cha chapati kwenye maziwa, akakisogeza kwenye pua ya Kamanda. Kamanda akageuza uso.

"Hali," alisema Kabugho.

"Amefundishwa. Hapana kula chakula ya mutu hajui. Mwizi akitupa nyama ya sumu, yeye nakataa."

"Sasa atakataa mpaka lini? Hata wewe amekujua jana tu."

Hilo Olanya hakuwa amelifikiria. Alipangusa macho ya yule mtoto wa mbwa kwa kidole gumba, maana yalikuwa yanatoka majimaji mazito, na kabla hajaulizwa akasema, "Hiyo nalilia mama yake."

"Analia bila sauti?"

"Mbwa ya akili haina kelele."

"Na anatetemeka, Afande."

"Iko na hasira," alisema Olanya, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kurudi nyuma.

Jana, pale uani kwa Baker, maneno hayo yalimwingia moja moja, yamenyooka, kila moja na saluti yake. Leo yakitoka mdomoni mwake mbele ya benchi, aliyasikia yanachechemea. Alitazama chini, akakutana na macho ya Kamanda, akaona kwamba yule mtoto hakuwa na hasira hata kidogo.

"Huyu Profesa wako angekuwa daktari wa watu," alisema Tefiro, "hospitali ingebaki tupu. Kila mgonjwa angeambiwa ana kipaji."

Wakacheka mpaka Ashraf akamwagikiwa na kahawa. Olanya naye alikuwa karibu kucheka pale Kamanda alipokakamaa ndani ya jaketi, akatoa sauti kama mlango mkavu, akatapika. Yalitoka maziwa yaliyoganda, na ndani ya maziwa minyoo mirefu myeupe iliyokuwa bado inajinyonga. Kisha kichwa chake kikalala juu ya mkono wa Olanya kama kitu kisicho na mwenyewe.

Vikombe vikawekwa chini. Watu hao walikuwa wanajua mipaka ya mzaha wao. Walijua kwamba Nabasa alifariki mwaka uliopita, na kwamba tangu hapo nyumbani kwa Olanya hakusikiki sauti isipokuwa ya redio. Hakuwahi kusema kwamba anatafuta mbwa kwa sababu hiyo. Alisema anataka ulinzi, nao wakakubali kuwa ni ulinzi.

Kabugho ndiye aliyesimama wa kwanza. "Ashraf, piga simu kwa Biira."

Biira ni daktari wa mifugo, binti wa hapo hapo Bwera, na alifika kwa pikipiki yake na sanduku la dawa mgongoni. Alimlaza Kamanda juu ya gunia safi, akambonyeza tumbo, akamvuta ngozi ya shingo kuona kama inarudi, akamfungua mdomo.

"Ana umri gani huyu?"

"Miezi tatu," alisema Olanya. "Yeye alisema."

"Meno haya hata titi la mama hayajaliacha. Amechanjwa?"

"Alisema chanjo iko ndani ya maziwa ya mama."

Biira hakucheka, na hilo lilimtisha Olanya kuliko vicheko vyote vya asubuhi ile. Alimpima joto, akachunguza kinyesi kilichokuwa kimeanza kutoka chenye damu, akanawa mikono.

"Minyoo imejaa," alisema. "Lakini si minyoo peke yake. Mimi naona ni pavo, ugonjwa wa matumbo. Unamaliza watoto wa mbwa wasiochanjwa, na unasambaa kama moto."

"Sema ukweli, daktari. Mimi ni askari."

"Ukweli ni kwamba anaweza kufa, baba. Tukimwekea maji ya dripu, tukampa dawa, na akapata mtu wa kukaa naye, anaweza pia kupona. Siwezi kukuahidi."

"Mutu ya kukaa iko," alisema Olanya.

Kabugho akakumbuka stoo yake ya zamani ya mkaa, ule upande wa nyuma, mbali na jiko na vyombo. Alikwenda kuifagia. Tefiro akasafisha sakafu kwa maji na jiki kama Biira alivyoelekeza. Ashraf alivaa glavu za mpira, akaanza kuosha magunia.

"Wewe si ulisema humgusi?" Tefiro alimchokoza.

"Dini inanikataza mate yake," alisema Ashraf. "Huruma, dini haikunikataza."

Dripu ilipoanza kudondoka, Biira aliuliza, "Wenzake wako wangapi huko alikotoka?"

"Wengi," alisema Olanya. Aliwakumbuka jinsi walivyokuwa wamelundikana, wamelala mchana kutwa, naye akaambiwa kwamba watoto wa ukoo bora hulala sana. "Nakwenda huko. Sasa."

Biira alikubali kumwangalia Kamanda mpaka warudi. Aliwaonya wasishike mbwa yeyote huko wala kurudi na mwingine. Wakapanda gari la Ashraf, Tefiro nyuma, Olanya mbele. Wakapita Kisinga, wakashuka hadi Kikorongo, kwenye mbuga ya wanyama. Tembo walikuwa wamesimama karibu kabisa na lami, na Ashraf akapunguza mwendo kuwaonyesha, lakini Olanya alikuwa anaangalia mikono yake. Mikono ile ilipata kutoa bunduki ndani ya magunia ya mihogo, na jana ilimshika mtoto mgonjwa ikaona ni mzima kwa sababu ilitaka awe mzima.

Baker walimkuta kazini. Mama mmoja aliyevaa gomesi alikuwa amesimama uani amembeba mtoto wa mbwa mwenye rangi ile ile ya udongo, na Baker, kijana nadhifu mwenye miwani ya jua iliyopandishwa kwenye nywele, alikuwa anamweleza.

"Haya machozi, mama, ni ya kumkumbuka mama yake. Mbwa mwenye mapenzi ndiyo hivyo. Huyu akikupenda, amekupenda."

"Na tumbo hili?"

"Ameshiba."

Tefiro alimtazama Ashraf. Olanya akapita mbele yao, akasimama katikati ya ua kama alivyokuwa akisimama barabarani, miguu imeachana.

"Baker. Mbwa yako iko nakufa."

Baker alimgeukia bila wasiwasi, akafungua mikono kama anayempokea mgeni wa harusi. "Afande wangu. Kufa? Hiyo ni homa ya safari. Hali ya hewa ya Bwera hajaizoea."

"Iko natapika nyoka. Daktari nasema pavo, na chanjo hapana."

Yule mama akamwangalia mtoto aliyembeba, kisha akamwangalia Olanya. "Baba, wewe ulimnunua hapa?"

"Jana. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Machozi ni mama yake. Tumbo ni kushiba. Kulala ni ukoo. Mama, kama iko kitu mbwa anaugua na huyu kijana haiwezi kuita akili, mimi sijasikia."

Mama akamshusha yule mtoto taratibu, akajifuta mikono kwenye mshipi wa gomesi, akashika njia. Kabla hajafika getini tayari alikuwa na simu sikioni anamweleza mtu.

"Mmeniharibia siku," alisema Baker. Kisha akaona sura ya Olanya, akalainika. "Sikiliza, Afande, mimi si mtu mbaya. Niletee huyo mgonjwa, nikupe mwingine. Chagua mwenyewe."

"Na ule mgonjwa? Utafanya nini naye?"

Baker aligeuza macho tu, mara moja, kuelekea bondeni ambako mto Nyamwamba ulikuwa unasikika.

Ashraf alikohoa. Tefiro akamshika Olanya kiwiko kidogo, asije akafanya jambo. Lakini Olanya hakuwa anamtazama Baker tena. Nyuma ya banda, kwenye kivuli cha bati, alikuwa amemwona mbwa jike amefungwa mnyororo mfupi kiasi kwamba hakuweza kulala sawasawa. Alikuwa mbwa wa kawaida wa huku kwetu, masikio chini, manyoya yameliwa na ukurutu, matiti yamevutika hadi chini na mbavu zinahesabika. Jana ile sehemu ilikuwa imezibwa kwa turubai.

"Huyu ndiye mama ya Kamanda?"

"Ndiye mama wa wote," alisema Baker.

"Jameni shepadi?"

"Ana roho ya Jameni shepadi."

"Mimi nataka yeye. Mutu analilia mama yake, apewe mama yake."

Kwa mara ya kwanza Baker alikasirika kweli. "Huyo hauzwi. Huyo ndiye kiwanda changu."

Walirudi Bwera mikono mitupu. Biira alipeleka taarifa ofisini kwao, wakubwa wake wakaenda, wakawachanja watoto waliokuwa bado wanafaa kuchanjwa, wakampa Baker onyo kali. Baker aliwaahidi mengi, na inasemekana aliwasindikiza mpaka kwenye gari akiwaeleza kwamba mbwa wake ndio wa kwanza wilayani kutembelewa na madaktari wengi namna ile.

Kwenye stoo ya mkaa mambo yalikuwa magumu. Kuna siku Kamanda alibaki pumzi tu, na Biira alipoondoka alimshika Olanya bega. Olanya alikaa kwenye kiti cha chini, akimlowesha ulimi kwa pamba, akimzungumzia kwa Kiacholi, lugha ambayo hapo hakuna aliyeielewa. Benchi lilihamia nyuma ya jiko. Walibishana pale pale mlangoni juu ya bei za mafuta, juu ya mpira, juu ya foleni ya malori mpakani, lakini kwa sauti ya chini. Mteja akiuliza mbona wamehama, Tefiro alijibu kwamba Kamanda yuko likizo ya ugonjwa na bunge haliwezi kukaa mbali naye.

Kisha asubuhi moja Kabugho alileta supu ya samaki iliyochujwa, kama alivyokuwa akileta kila asubuhi, na Olanya akachota kwenye kijiko, kama alivyokuwa akichota. Kamanda alilamba. Akalamba tena. Halafu akakikamata kijiko kwa vile vimeno vyake, akakataa kukiachia.

Olanya aligeuza uso ukutani. Kabugho alijifanya anatafuta kitu kwenye magunia. Ashraf, aliyekuwa mlangoni, alisema polepole, "Kabugho, iyo kijiko haitarudi kwa jiko, tumeelewana?"

"Nimeshampa," alisema Kabugho.

Kupona kulichukua muda, na Biira hakumruhusu kutoka mpaka aliporidhika kabisa na kumchanja. Aliporuhusiwa, alitoka na tumbo la kawaida, manyoya yanayong'aa, na masikio yake yakiwa bado chini. Hayakusimama na hakuna aliyeyangoja. Alilala chini ya benchi, juu ya viatu vya Olanya, watu wakabishana juu ya kichwa chake.

Hapo ndipo simu ya Olanya ilipolia, naye akaiweka sauti ya juu, maana masikio yake, yaliyoharibiwa na mizinga ya jeshini, hayasikii vizuri.

"Afande wangu," ilisema simu. "Baker huku. Nimesikia mbwa yetu imepona."

"Yetu?" alisema Tefiro.

"Sasa naomba picha yake moja, nzuri, akiwa amesimama. Nataka kuiweka kwenye watsapu. Niandike chini: mbwa za Baker ni ngumu, hata pavo inashindwa."

Benchi likamgeukia Ashraf. Hata Kontena alikuwa mtupu. Olanya aliitazama simu kama anayetazama lori lenye harufu ya magendo.

"Picha utapata," alisema mwisho. "Lakini kuja hapa mwenyewe, kuja na mama yake. Yeye atabaki."

"Yule kiwanda?" Baker alisita, kisha wakasikia amechangamka. "Sawa, Afande. Yule hata hazai vizuri siku hizi. Nitamleta."

Alimleta kweli, akiwa kwenye tenga nyuma ya pikipiki. Biira aliitwa kwanza, akamkagua pembeni, akampiga sindano, akakubali. Olanya alimfungua kamba mwenyewe na kuitupa mbali. Mama alisimama akiyumba, hajui afanye nini na shingo isiyo na kitu. Kamanda akatoka chini ya benchi, akanusa hewa, akakimbia kwa miguu yake isiyopatana, akajichomeka kwenye ubavu wa mama yake. Mama akalala pale pale kwenye vumbi, juani, akaanza kumlamba kichwa.

Baker alitoa simu yake. Alipiga picha, akaitazama, akaifuta. Akahamia upande wa pili. Akapiga tena, akafuta.

"Afande, tuwatenganishe kidogo. Nataka mtoto peke yake. Huyu mama na mbavu hizi ananiharibia picha."

"Wewe ulishawatenganisha mara moja," alisema Olanya. "Mimi sirudii."

Baker aliwaangalia wengine. Tefiro alikuwa anakoroga kahawa isiyo na sukari. Kabugho alikuwa amefunga mikono. Hakuna aliyenyanyuka kumsaidia.

"Piga tu, patron," Ashraf alimwambia. "Andika chini yake: amelala kwa sababu ya ukoo."

Baker akachuchumaa. Akapiga magoti. Mwisho akalala kifudifudi barabarani na shati lake la kupigwa pasi, jicho moja limefumbwa, akiitafuta pembe, huku madereva wa malori ya Mpondwe wakipunguza mwendo kumtazama. Alijaribu juu, alijaribu chini, alijaribu kwa karibu mpaka Kamanda akamlamba kioo cha simu. Kila picha aliyopiga, mama yumo.